Kipanuzi cha Tupo

Nilimtengenezea Tupo kipanuzi cha taya la juu bila karatasi ya daktari. Nilikigandisha mwenyewe kwenye magego yake, asubuhi ya Jumatatu, mlango wa maabara ukiwa umefungwa kwa ndani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alisimama nyuma ya kiti akimshika kichwa. Nilikuwa na neno moja la kusema, hapana, na nilikuwa nalo mdomoni tangu walipoingia. Sikulisema.

Nimestaafu mwaka huu. Daktari Halima, daktari wetu wa meno hapa Kyela, aliniomba niandike kumbukumbu za kazi kwa ajili yenu mafundi wadogo mlioko Mbeya, ambao siku hizi ndio mnaotengeneza kazi zetu. "Andika unayoyajua, mzee," aliniambia. "Usituandikie hotuba." Nimeanza na la Tupo kwa sababu najijua. Ningeliweka mwisho ningepata udhuru wa kutolifikia.

Nilizaliwa Ikombe, mbele ya Matema, mahali ambapo mlima unaingia ziwani na gari halifiki. Unakwenda kwa mtumbwi au kwa miguu. Kwetu wanaume wanavua na wanawake wanafinyanga vyungu, na mtoto wa kiume akionekana na udongo mikononi anafukuzwa kama kuku. Mimi nilikuwa mvuvi mbaya, ziwa likichafuka kidogo tu natapika. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya dada yangu Subilaga nikimtazama. Alinipita miaka saba, na mama alipofariki ndiye aliyenibeba mgongoni. Nilimwona jinsi alivyopanua chungu. Aliingiza dole gumba ndani, akabonyeza ukuta wa chungu mahali pawili patatu. Udongo ukikubali, aliendelea kuusukuma kwa kipande cha kibuyu mpaka tumbo la chungu litoke. Udongo ukikataa, alikiacha kilivyo. Hakuwahi kubishana na udongo uliokauka.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kuosha vifaa katika hospitali yetu. Fundi wa meno alikuwa mmoja tu, Mzee Anyosisye, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya nta nyekundu. Siku yangu ya kwanza kwake alinipa bakuli la mpira, unga wa plasta na maji. "Koroga." Nikakoroga kwa adabu sana, taratibu, nikitaka anisifu. Plasta ikaganda ndani ya bakuli, kijiko kikiwa humo humo. Akaligeuza bakuli, akalitazama, akasema, "Leo umepata jiwe. Kesho labda utapata modeli." Niliipata baada ya siku nne.

Juu ya meza yake palikuwa na msumari mrefu ukutani. Kila kazi ilikuwa na karatasi ya daktari, yenye jina la mgonjwa, umri, kinachotakiwa na sahihi, na karatasi hizo zilitungikwa pale. Mzee Anyosisye hakugusa koleo kabla ya kuutazama msumari. Kuna siku mkubwa mmoja wa hospitali alikuja mwenyewe na kipimo cha mdomo wa mkewe mkononi. Mzee akamwonyesha msumari. Mkubwa akacheka, akidhani ni utani. Mzee akaendelea kusaga meno ya mtu mwingine mpaka mkubwa akaondoka. Alirudi na karatasi. Baadaye nilipelekwa kozi Dar es Salaam, nikafundishwa mengi mazuri, lakini hakuna somo la kozi lililozidi ule msumari.

Miaka mingi kazi ilikuwa meno ya bandia. Wazee wa Ipyana walitaka kutafuna samaki wa mbasa, na wake zao walitaka waache kunung'unika. Mmoja alinirudishia meno yake kwenye kitambaa. "Fundi, haya yanacheka hata nikiwa msibani." Nilimpunguzia urefu wa yale ya mbele, akaweza kuomboleza.

Mambo ya kupanua taya yalikuja baadaye, Mzee Anyosisye akiwa amekwisha kufariki, daktari bingwa wa mpangilio wa meno alipoanza kututembelea kutoka Mbeya mara chache kwa mwaka. Aliniachia kisanduku chenye skrubu sita ndogo za kupanulia, akakaa kwenye kiti cha meza yangu na kunieleza kama mtu anayeeleza njia. Mtoto wa miaka minane au tisa mwenye taya jembamba, alisema, atengenezewe pleti ya kuvaa na kuvua, yenye skrubu katikati, na mzazi aizungushe kwa ufunguo mara moja au mbili kwa wiki. Wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anaweza kupewa kile kinachogandishwa kwenye magego, kizungushwe kila siku. Kaakaa lina mshono katikati, na kwa mtoto mshono huo bado haujafunga, kwa hiyo mfupa unaachana pole pole na mfupa mpya unajaza.

"Na mtu mzima?" nikamuuliza.

"Mtu mzima mshono umefunga. Huyo usimtengenezee kitu mpaka nimwone na eksirei yake. Wengine tunawawekea skrubu ndogo kwenye mfupa wenyewe wa kaakaa, wengine wanafanyiwa upasuaji kwanza. Wengine tunawaacha na taya lao, tunanyoosha meno tu. Ukilazimisha, fundi, mfupa hautaachana. Yatakayosogea ni meno, na yatatokea ubavuni mwa mfupa."

Nimeyaandika yote haya ili mjue kwamba nilikuwa nimeambiwa.

Kazi yetu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa pleti ya msichana wa miaka tisa kutoka Ipyana. Baada ya majuma machache mama yake aliingia maabara akimvuta mtoto mkono.

"Fundi, umemharibu mtoto! Tazama!"

Mtoto akatoa meno. Kati ya yale mawili ya mbele palikuwa na mwanya ambao haukuwapo.

"Mama, huo mwanya ndio tunaoutaka," Daktari Halima akamwambia. "Ndiyo dalili kwamba taya limefunguka. Utajifunga wenyewe."

"Usipojifunga?"

"Utakuja kunipiga."

"Nitakuja," mama akasema, na hakuwa anatania. Mwanya ulijifunga. Alituletea mchele, akasema ndaga fijo, asante sana, mara tatu, na kuanzia siku ile nilijiona mtu wa vipanuzi. Nikatengeneza pleti nyingine mbili. Zote zilikuwa za watoto, zote zilikuwa na karatasi msumarini, lakini sifa nilizihesabu kuwa zangu.

Tupo ni binti wa mwisho wa dada Subilaga. Jina lake kamili ni Tupokigwe. Alikuwa na mikono ya mama yake. Alipokuja kunitembelea alichonga jino la nta kwa kisu changu, mara ya kwanza tu, na lilikuwa jino. Mimi nilikuwa nimechukua mwaka mzima. Alipomaliza kidato cha nne niliiomba hospitali aje ajifunze kwangu, kwa sababu nilikuwa nimebakiza miaka minne na hapakuwa na mtu wa kushika meza. Wakakubali. Angeanza baada ya mvua kubwa.

Taya lake la juu lilikuwa jembamba. Meno yalibanana kama watu kwenye benchi fupi, na akifunga mdomo ilimbidi asogeze kidevu upande mmoja ndipo magego yakutane.

Jumatatu moja walifika na mtumbwi wa alfajiri mpaka Matema, kisha gari. Daktari Halima alikuwa likizo ya uzazi. Daktari bingwa alitarajiwa baada ya Pasaka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona mapema? Kazi bado."

Dada akajibu yeye. "Anataka aanze kazi meno yakiwa yamenyooka. Wewe si ndiye unayewapanua watoto wa watu?"

"Kwa karatasi, dada. Daktari bingwa anakuja baada ya Pasaka."

"Pasaka! Mimi nikikaa mpaka Pasaka udongo si umekauka?"

"Huyu ni mtu, dada, si chungu."

"Nani kakwambia si chungu? Hujasoma Biblia?"

Tupo alicheka, mkono mdomoni. Kisha akaacha kucheka. "Mjomba, nitamshikia mgonjwa kioo na mdomo huu? Watasema fundi ajitengeneze kwanza."

Nilimweleza dada habari ya mshono. Nilimweleza nusu nusu, kama mtu anayetaka kushindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi mguse. Mguse ndani kama mama alivyokuwa anagusa. Ukisema umekauka, tunarudi nyumbani."

Kwa hiyo aliniachia mimi niamue. Siwezi kusema alinilazimisha.

Nikanawa mikono, nikaingiza dole gumba, nikabonyeza kaakaa. Lilibonyea. Mafundi, nanyi mnajua kilichobonyea. Ni nyama iliyofunika mfupa, na nyama inabonyea hata kwa mzee wa miaka tisini. Nilijua. Lakini kidole changu kilikuwa kinafanya kitu nilichokatazwa utotoni, na dada yangu alikuwa ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye.

"Bado mbichi," nikasema.

Nilichukua kipimo saa hiyo hiyo. Wiki nzima walikaa kwangu nikitengeneza, kwa akriliki ngumu ya kufunika magego ya pande zote mbili na skrubu moja ya daktari bingwa katikati. Ilikuwa kazi safi. Sijawahi kutengeneza nyingine safi kama ile, na naiona aibu kuandika hivyo. Jumatatu iliyofuata nikaigandisha, kama nilivyosema mwanzo. Nikaufunga ufunguo kwa uzi kwenye mkono wa dada ili Tupo asiumeze, nikamfundisha kuzungusha, mara moja kwa siku.

"Siku zitanichanganya," dada alisema. Hakusoma sana. "Nitachora kwenye chungu. Mzungusho mmoja mstari mmoja."

Msumari wangu haukuwa na kitu.

Siku ya tisa alinipigia simu. Ikombe mtandao unapatikana ukipanda mlimani, na nilimsikia akihema.

"Lugano, ule mwanya haujaja."

"Hata kidogo?"

"Hata uzi haupiti. Na mtoto analalamika. Chini ya macho panamuuma, na pua."

Hapo palikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mwanya usipokuja, mfupa umekataa. Nilipaswa kumwambia asizungushe tena, ashuke mlima, apande mtumbwi, aje. Nilimwambia, "Zungusha mara mbili kwa siku."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, dada. Mwanya utakuja."

Juma lile mvua ilianza kwa nguvu. Barabara ya Matema ilikatika, mpunga wa Bujonde ukazama, na ziwa likachafuka hata mitumbwi ya Ikombe haikutoka. Simu ya dada haikupatikana. Kila asubuhi nilifika kazini, nikapiga, nikaambiwa haipatikani, nikakaa kuchonga meno ya watu wengine. Nilianza kuzihesabu siku na kuzizidisha kwa mbili. Usiku mmoja nilimweleza mke wangu, akaniuliza swali moja tu, kwa nini sijamwambia mtu wa hospitali.

Siku ya ishirini Daktari Halima alirudi kutoka likizo. Ni mtoto wa wafanyabiashara wa pale mjini, watu ambao babu zao walitoka pwani, na amekulia dukani, kwa hiyo kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua makabati. Akafungua kile kisanduku.

"Mzee Lugano, skrubu zilizobaki zilikuwa tatu. Naona mbili."

"Moja iliharibika."

"Iko wapi?"

"Niliitupa."

Alinitazama. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kutupa hata kipande cha waya. "Haya," alisema, akafunga kisanduku.

Nilibaki nimeshika brashi. Angekuwa mkali ningemwambia, nadhani. Lakini aliniamini, na hilo likanifunga mdomo.

Siku kumi na moja baadaye barabara ilipitika. Nilikuwa namimina plasta nikasikia sauti ya dada kwenye korido akiuliza maabara ni ipi, ingawa alikuwa anaijua. Walikuwa wamekuja na mtu wa mapokezi, na Daktari Halima alikuwa nyuma yao.

"Shikamoo mjomba," Tupo alisema, kiganja kimefunika mdomo. Uso ulikuwa umevimba upande wa kushoto mpaka jicho limekuwa dogo.

Daktari alimkalisha, akamwondoa mkono. Harufu ndiyo iliyotangulia. Magego yalikuwa yamelala nje kama miti iliyosukumwa na maji, na kwenye ufizi, juu ya meno mawili ya kushoto, mizizi ilikuwa inaonekana. Kati ya meno ya mbele hapakuwa na mwanya.

"Nani kaweka hiki?" Daktari aliuliza taratibu.

Dada alinitazama mimi. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

"Mimi," nikasema.

"Karatasi yake?"

"Hakuna."

"Kimezungushwa mara ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nafanya hesabu kichwani na hesabu zilikuwa zinakimbia. Dada alifungua kitenge alichobeba, akaweka mezani chungu kidogo ambacho hakijachomwa. Kuzunguka shingo yake palikuwa na mistari iliyochorwa kwa kijiti, ya kwanza mmoja mmoja, kisha miwili miwili. Daktari Halima aliihesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika kwenye kadi. Thelathini na saba. Mfinyanzi wa Ikombe alikuwa ameandika kumbukumbu za mgonjwa, na fundi wa hospitali hakuwa nazo.

"Huu wa mwisho ni lini?"

"Wiki iliyopita," dada alisema. "Ufunguo ulikataa. Nilitaka kuacha mapema, mtoto alikuwa analia. Lakini fundi alisema mara mbili."

Alisema fundi. Hakusema Lugano.

Kukata kile kipanuzi kulichukua saa nzima, na nilishika taa. Daktari aliomba nishike taa, sijui kama adhabu au kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Niliiona kazi yangu safi ikitoka vipande vipande, na nyama iliyokuwa chini yake imekuwa nyeupe. Meno mawili ya kushoto yalitoka siku ile ile, bila nguvu, kama yanavyotoka ya mtoto. Mawili ya kulia walijaribu kuyaokoa Mbeya. Yalidumu miezi minane.

Tupo alipopelekwa kupumzika, Daktari Halima alifunga mlango. "Ile siku niliyokuuliza skrubu," alisema, "ungeniambia, ningemtuma mtu kwa miguu mpaka Ikombe. Haya ya kulia ningeyapata." Hakuinua sauti. Niliandika maelezo yangu, nikachukuliwa hatua, na hatua hizo zilikuwa za haki, sitawachosha nazo.

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi nje, chungu mapajani.

"Ulipomgusa," aliniuliza, "uliona umekauka?"

Ningeweza kusema nilikosea. Angelikubali hilo. Kukosea anakujua, kila mfinyanzi amepasukiwa.

"Niliona," nikasema. "Nilijua."

Alitikisa kichwa mara moja, akauondoa mkono aliokuwa ameuweka karibu na wangu. "Basi," akasema.

Nilifanya kazi miaka minne mingine, na kila karatasi ilipita msumarini. Nilimtumia Tupo ujumbe kwamba nitamtengenezea meno ya kuziba mapengo, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatengeneza. Alijibu kwa heshima, shikamoo mjomba, asante, ameshapata ya Mbeya. Huenda mmoja wenu ndiye aliyeyatengeneza. Kama ni wewe, nakushukuru.

Siku yangu ya mwisho niliung'oa ule msumari, halafu nikaona sina haki nao, nikaupigilia tena mahali pake.

Sasa niseme uamuzi ule ulileta nini. Tupo hana meno manne ya juu, na akicheka bado anafunika mdomo. Anafinyanga Ikombe, hakukanyaga maabara tena. Dada yangu Subilaga, aliyenibeba mgongoni, hajaingia nyumbani kwangu tangu siku ile, na nikienda kwake ananiletea kiti nje, mlangoni. Na meza ya Mzee Anyosisye, ambayo nilitaka kumwachia mtu mwenye mikono kunizidi, imefunikwa turubai. Kyela haina fundi wa meno.